Vigelegele kwenye msiba wa shangazi

Jamani, leo spika imetutukania msiba!

Mchana huu hapa Viwanja Sitini tunamuaga shangazi. Katekista kanyamaza kidogo tusali kimoyomoyo.

Spika yetu ikapayuka: "Kinamama, mbona sisikii vigelegele?"

Nikatoka mbio hadi kwenye sherehe ya sendofu ya jirani, nimpe MC wao vidonge vyake.
Nikamkuta bibi harusi analia. Spika yao inasema, "Raha ya milele umpe ee Bwana."

Kumbe mic zisizo na waya tumekodi wote kwa fundi mmoja, na kaziweka chaneli moja!
Nikampigia simu. Ati, "Dada, si mngepokezana tu?"

Tupokezane? Marehemu na bibi harusi?

Tumezima mic, shangazi tumemuaga kwa midomo yetu.
Spika za fundi nimeziacha uani, na mvua imeanza.
Apokezane nayo.