Bidoni Iliyosema Mbele ya Wakwe

Nafundisha hesabu mwaka wa sita wa shule ya msingi hapa Kalemie, na kuna jambo moja ambalo kwa miaka mingi lilinichemsha damu: mwanafunzi anayeuliza vitu visivyomo kwenye swali. Ukimwambia mkulima ana shamba la ari arobaini, anataka kujua liko upande wa Nyemba au wa Moba. Ukimwambia lori limepakia tani tatu za saruji kutoka Kabimba, anauliza kama barabara imekauka. Mimi nilikuwa nagonga meza. Swali linasema tani tatu, mfuko ni kilo hamsini, gawanya, andika jibu, kaa chini.

Mwaka ule niliwatungia swali langu mwenyewe, na nililipenda. Mama mmoja ana bidoni, yaani dumu, ya mafuta ya mawese ya lita ishirini. Anayauza kwa chupa za bia, kila chupa sentilita sabini na mbili. Atajaza chupa ngapi, na yatabaki mafuta kiasi gani? Lilikuwa na kila kitu ndani: kugeuza lita kuwa sentilita, kugawanya, na baki ya kuwatoa jasho. Elfu mbili gawanya kwa sabini na mbili, unapata chupa ishirini na saba, zinabaki sentilita hamsini na sita.

Zaidi ya nusu ya darasa waliandika thelathini. Hakuna kugawanya, hakuna lile jedwali la hektolita na dekalita nililowachorea wiki nzima, thelathini tu. Nilipowauliza wameipata wapi, mmoja akasema kila mtu anajua bidoni ni chupa thelathini, hata mtoto anayetumwa sokoni. Nikamjibu kwamba huyo kila mtu hafanyi mtihani wa serikali. Nikawapa sifuri wote kwa kalamu nyekundu, nikaenda nyumbani kula, na chakula kilishuka vizuri.

Miezi miwili baadaye ikafika zamu yangu ya kupeleka mahari. Mchumba wangu alikuwa muuguzi, baba yake amestaafu kazi ya reli, na mama yake alikuwa akiuza mawese sokoni kwa zaidi ya miaka ishirini. Narudia, mama yake alikuwa akiuza mawese. Mtu mwenye akili angesimama hapo kidogo na kufikiri. Mimi nilikuwa nimesoma, basi sikufikiri.

Karatasi ya mahari ilikuwa na mbuzi wawili, mfuko wa chumvi, koti la Papa, yaani baba mkwe, vitenge vya Mama mkewe, na chini kabisa: mafuta ya mawese, lita 20. Nilicheka nikamuuliza mchumba wangu kwa nini muuza mafuta aletewe mafuta. Akasema ndiyo desturi, hata muuza samaki huletewa samaki. Kisha akanishika mkono, akaniomba kitu kimoja tu: siku hiyo nisifundishe. Kwetu anayechumbia hukaa kimya mikono magotini, na maneno yote husemwa na msemaji wake. Msemaji wangu alikuwa baba yangu mdogo kutoka Mpala, mtu wa kuimba kanisani, mwenye sauti ya kutosha watu wawili. Nikamuahidi mchumba wangu kwamba nitakuwa bubu.

Bidoni niliinunua Alhamisi. Muuzaji aliijaza mpaka mdomoni, akabana kipande cha plastiki chini ya kifuniko, akanisaidia kuifunga kwenye baiskeli. Nilipofika nyumbani nikaitazama vizuri. Ubavuni ilikuwa imepigwa chapa, lita ishirini. Lakini mafuta yalikuwa yamepanda hadi shingoni. Nikaingiwa na wasiwasi ule unaonifanya niwe mwalimu mzuri na jirani mbaya. Nilikuwa na jagi la shule la lita moja, lenye mistari. Nikapima. Lita ishirini na mbili na nusu.

Sijui kama naweza kueleza furaha niliyoisikia. Mji mzima ulikuwa ukidanganywa na bidoni, na mimi peke yangu nilikuwa nimeigundua. Karatasi inasema ishirini, basi nikarudisha kwenye bidoni ishirini kamili, jicho langu likiwa sawa na mstari wa jagi. Zile mbili na nusu nikaziweka jikoni kwangu. Sikuona kwamba huo ni uchoyo, niliona ni usahihi. Ijumaa nikapika sombe ya majani ya muhogo na kukaanga ndizi, na mkono wangu haukuwa mzito kwenye mafuta ya bure.

Jumamosi asubuhi tulipokelewa vizuri. Baba mdogo alisema maneno yake matamu, wakwe wakajibu ya kwao. Mbuzi walikubaliwa, chumvi ikakubaliwa, koti likamkaa Papa mabegani bila shida. Nikaanza kuhisi harufu ya samaki wa mikebuka wakikaangwa nyuma ya nyumba. Ndipo shangazi wa mchumba wangu akaishika bidoni kuisogeza kivulini, na bidoni ikasema. Chwaku, chwaku.

Bidoni iliyojaa haina sauti. Mafuta yakifika mdomoni hayana nafasi ya kucheza, yanatulia. Kila mtu katika uwanja ule alilijua jambo hilo isipokuwa mimi. Mama akainuka kwenye kiti. Hakuifungua. Aliinyanyua hadi karibu na sikio, akaitikisa mara moja, akaiweka chini.

"Hii bidoni iko inasema," akasema. "Nani aliikunywa njiani?"

Baba mdogo alianza kulitengeneza jambo. Akasema barabara ni mbaya, kifuniko kililegea, kidogo kilimwagika. Ulikuwa uongo mdogo wa heshima, na ulitosha kabisa. Wangetikisa vichwa, tungeahidi kuongeza, tungekula. Lakini kusema kwamba mafuta yangu yamemwagika, mafuta niliyoyapima kwa jagi lenye mistari! Hasira ikanipanda kichwani. Nikasimama. Mchumba wangu alikuwa mlangoni na dada zake, na nilimwona akifunga macho.

Nilifundisha. Sina neno lingine. Niliokota kijiti nikaandika mavumbini elfu mbili gawanya kwa sabini na mbili. Nikawaeleza wakwe zangu kwamba lita ni lita, hapa, Kigoma na Ulaya, na kwamba karatasi yao wenyewe imesema ishirini. Nikasema wayamimine kwenye chupa, watapata ishirini na saba na sentilita hamsini na sita juu, na kama litapungua hata tone nitaondoka mwenyewe bila kufukuzwa. Papa akanyanyua uso.

"Umesema," akasema.

Chupa hazikukosekana kwa muuza mawese. Zikaletwa kreti tatu, na Mama akakaa kwenye kigoda akaanza kumimina kwa mkono wake mwenyewe. Kwenye chupa ya kwanza tu nikaona kifo changu. Hakusimama pale bia inaposimama, chini ya shingo. Alijaza mpaka mdomoni, mafuta yakatetemeka juu kabisa, ndipo akachukua chupa nyingine. Nilitaka kumwambia kwamba sentilita sabini na mbili zinaishia hapa chini. Lakini nani atamwonyesha mwanamke yule mahali chupa inapoishia? Nikaanza kuhesabu upya kichwani, jasho likinitiririka mgongoni. Kwa kujaza vile, kila chupa inakula sabini na tano. Elfu mbili gawanya kwa sabini na tano. Jibu nililipata kwenye chupa ya tisa, na nikalazimika kuziangalia zote zilizobaki huku nikijua mwisho wake.

Zilijaa ishirini na sita. Ya ishirini na saba ilifika theluthi mbili, na bidoni ikatoa tone moja, kisha hewa.

Niliogopa, sina haja ya kuficha. Msichana yule alikuwa amenisubiri miaka mitatu nijenge nyumba ya vyumba viwili, akikataa watu waliokwisha kujenga. Sasa nilikuwa nampoteza kwa ajili ya shingo ya chupa, tena kwa ahadi ya mdomo wangu mwenyewe, wala hakuna aliyeniuliza. Baba mdogo alikuwa ameshusha kofia mpaka kwenye pua.

Mama akafuta mikono kwenye kitenge.

"Mwalimu, sasa na mimi nikupatie swali. Bidoni ni chupa makumi tatu. Hapa ziko makumi mbili na sita na kipande. Ile ingine iko wapi?"

Ndugu zangu, nilihesabu. Hata pale nilihesabu. Zimepungua chupa tatu na theluthi, kila moja sabini na tano, jumla mia mbili na hamsini. Lita mbili na nusu. Hesabu ilikubali hadi tone la mwisho, na katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kuona swali lililotungwa vizuri vile.

"Iko jikoni kwangu, Mama," nikasema. "Isipokuwa ile niliyotia kwenye sombe."

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, akafuatiwa na akina dada mlangoni, kisha na baba mdogo ndani ya kofia yake. Mama alicheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Papa hakucheka. Alingoja wanyamaze wote, akanitazama akiwa amevaa koti nililomletea.

"Ulisema utaondoka. Basi ondoka."

Nikageuka, nikaanza kutembea kuelekea njiani, na sikuthubutu kutazama upande wa mlango.

"Na urudi nayo mbele bukari ipoe," akaongeza, yaani kabla ugali haujapoa.

Nilipanda pikipiki ya kwanza niliyoiona. Nilishuka hadi nyumbani, nikachukua mafuta yaliyobaki, na yale yaliyoliwa na sombe na ndizi nikayanunua sokoni kwa mama wa kwanza aliyekaa pembeni. Aliniuliza nataka kiasi gani. Nikamwambia chupa moja, mpaka mdomoni. Akanishangaa, maana hakujua kwamba kuna namna nyingine.

Niliporudi, walikuwa wameshayarudisha yote kwenye bidoni. Nikaongeza yangu taratibu, yakapanda, yakaingia shingoni, yakafika mdomoni. Mama akafunga kifuniko. Akainyanyua, akaitikisa karibu na sikio lake, kisha akainama akaitikisa karibu na langu. Haikusema kitu.

"Njo hii," akasema, yaani hii ndiyo yenyewe, akaibeba mwenyewe kuipeleka ndani. Papa akaagiza chakula. Bukari ilikuwa bado ya moto, na mchumba wangu alipoleta maji ya kunawa alinimiminia hadi yakafurika kwenye beseni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama zinatosha sentilita.

Jumatatu nikayakusanya madaftari. Nikafuta sifuri moja moja, nikaandika sahihi, nikawauliza kwa nini hawakunieleza. Wakasema walinieleza. Mchana, mwanafunzi mmoja akabaki nyuma, daftari amelikumbatia kifuani. Alikuwa miongoni mwa wale wachache waliopata ishirini na saba, baki hamsini na sita, na alitaka kujua kama sasa amekosa. Nikamwambia hapana, jibu lake ni sahihi kabisa, mtihani wa serikali utampa alama zote. Ila siku atakayokwenda kwa wakwe, aijaze bidoni mpaka mdomoni.