Kuamsha Betri Iliyolala

Siku yangu ya kwanza kazini nilizuiwa mlangoni. Nilikuwa nimevaa shati jeupe la nailoni na suruali iliyopigwa pasi, na mfukoni nina cheti cha kidato cha nne, kama mtu anayekwenda kukaa ofisini. Fundi Mkuu wa chumba cha betri alinitazama kuanzia kola hadi viatu.

"Kijana, shati hilo unalipenda?"

"Nalipenda, mzee."

"Basi kalivue. Ukiingia nalo humu, utatoka na chujio."

Nilidhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni. Nikaliweka shati kando, lakini suruali nikabaki nayo. Jioni nilirudi nyumbani sina doa hata moja, nikamcheka moyoni. Mama alipoifua ile suruali, mapaja yote yakafumuka matundu. Ndivyo asidi ya betri ilivyo. Haili nguo mbele ya macho yako. Inasubiri uitie maji.

Karakana yetu ilikuwa chini ya kilima cha Lubaga, na kazi yake ilikuwa kutengeneza magari ya serikali. Meneja alikaa ghorofani na simu yake. Huku chini mkubwa wetu alikuwa huyo Fundi Mkuu, ambaye sote tulimwita Hajji. Babu yake alifika Buganda na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, na Kiswahili cha nyumbani kwao kilikuwa kimenyooka kuliko chetu sisi wa Kampala. Hakuwahi kutusahihisha maneno. Alitusahihisha mikono.

Vijana wanaotengeneza magari leo huniuliza tulipata wapi kazi nyingi ya betri. Ilikuwa miaka ya utawala wa kijeshi. Wahindi wenye maduka na viwanda walikuwa wamefukuzwa nchini, na magari yao yakabaki uani yakiota majani chini ya bodi. Baadaye yaligawiwa wenyewe wapya, wengi wao watu wa jeshi. Mwenye gari mpya anaingia, anazungusha ufunguo, kimya. Betri mpya haikuwapo dukani kwa pesa wala kwa urafiki. Ikabidi zile zilizolala ziamshwe, na waamshaji tulikuwa sisi.

Betri ya madini ya risasi na asidi inapokaa muda mrefu bila kutumiwa inaota ukungu mweupe juu ya mabamba yake ya ndani. Ukungu huo ni asidi iliyotoka kwenye maji ikagandamana na risasi. Ukiipelekea umeme mwingi kwa pupa, betri inachemka, inapata moto, na mabamba yanapinda. Inaweza hata kukudanganya ikawasha taa na kupiga honi, kisha ikashindwa kuzungusha injini. Hajji alitufundisha upole. Kwanza unaosha vichwa vyake kwa maji moto na magadi mpaka ile chumvi ya kijani iishe. Unafungua vifuniko, unachungulia kila chumba. Unatia maji safi mpaka mabamba yazame. Kisha unaipa umeme kidogo kidogo, kama unavyomlisha uji mgonjwa aliyekaa siku nyingi bila kula. Ukungu unayeyuka taratibu na asidi inarudi majini. Mwisho unaitoa kwenye waya na kuiacha ilale. Hapo ndipo wengi walipomwona Hajji ni mvivu. Alikuwa hapimi betri yoyote kabla haijalala usiku mzima bila kuguswa, kwa sababu betri iliyotoka kwenye chaja sasa hivi husema uongo.

Maji nayo yalikuwa shida. Ya bomba yana chumvi zake, hayafai. Yale ya kununua kwenye chupa yaliadimika. Tulikinga mvua kwa mabeseni ya plastiki katikati ya uwanja, mbali na mapaa ya bati, na kitambaa cheupe juu. Kampala ina mvua ya kutosha, tulichokosa ni mabeseni.

Kulikuwa na Kapteni mmoja aliyepewa jukumu la kuangalia malori tuliyokuwa tukiyahudumia. Alipokuja mara ya kwanza aliingia chumba cha betri na sigara mdomoni. Betri inapochajiwa hutoa hewa inayolipuka kwa cheche ndogo tu. Sisi tulikauka. Hajji akamwendea, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Afande, humu hatuvuti."

"Wewe nakataza mimi?"

"Mimi siwezi kukukataza, afande. Betri ndizo zinazokataza. Zikikasirika, tunakwenda wote, mimi na wewe, na cheo chako hakitakwenda mbali na paa."

Kapteni akacheka, akaikanyaga sigara kwa buti. "Huyu mzee iko na kichwa ngumu," alisema. Tangu siku hiyo alimpenda, kwa namna wakubwa wa wakati ule walivyopenda watu, yaani kwa muda.

Lori lake moja liliendeshwa na Koplo Aluma, mtu wa Arua kule kaskazini, mrefu, mcheshi, aliyeishi kambini na mkewe na watoto wadogo wadogo waliofuatana kama ngazi. Lori lake tulilifufulia betri mbili zilizokaa stoo muda mrefu mno. Hajji alizishughulikia kwa mikono yake mwenyewe, na zilitoka pale nzima.

Msimu wa mvua haujaisha, asubuhi moja, lori la Aluma liligoma mbele ya gwaride. Wakubwa wamesimama, bendi imeshika tarumbeta, na lori linasema *tik, tik*, basi. Kabla ya saa ya chai Kapteni alikuwa karakana na askari wawili, na zile betri zimetupwa sakafuni.

"Nani natengeneza hii?"

"Mimi, afande," alijibu Hajji.

"Hii ni hujuma."

Siku zile neno hilo halikuwa la kutupiana ovyo. Aliyeitwa mhujumu aliingizwa ndani ya buti la gari, na nyumbani kwao walibaki wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine.

Hajji aliivuta betri moja. Alipiga magoti, akafungua kifuniko, akaingiza kipimo, lile bomba la kioo lenye mpira juu na kielea ndani kinachoonyesha ukali wa asidi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake, nikaona. Kielea kiliruka juu kabisa, juu kuliko betri yoyote iliyojaa. Mabamba yalikuwa yamekwajuka. Hapakuwa na haja ya kuelezwa. Kuna mtu alikuwa akiongeza asidi kila maji yalipopungua, na mwenye kuangalia maji ya betri za lori ni dereva wake.

Nilifungua mdomo. Hajji akanikanyaga mguu, tena kwa nguvu, huku anamtazama Kapteni.

"Afande, hizi ni betri za zamani. Zililala sana. Ugonjwa umezirudia."

"Itapona?"

"Zitapona."

"Keshokutwa iko gwaride ingine. Lori isipowaka, wewe nakwenda na mimi." Akawageukia askari wake. "Fungia huyu mzee kwa stoo. Vijana wake watafanya kazi."

Walipokuwa wakimpeleka, nilimfuata hadi mlango wa stoo ya matairi. Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba anajua, nami najua, na neno moja tu lingemtoa pale.

"Lingenitoa mimi," alisema. "Na lingemwingiza nani? Wewe fanya kazi ya betri. Ya kutafuta mtu ina watu wake, tena wako wengi." Kisha akaongeza, kama vile ananituma sokoni, "Mwage polepole, usitikise uchafu wa chini. Na usisahau kuzilaza."

Basi nikafanya. Niliinamisha kila betri taratibu, nikamimina ile asidi kali katika mitungi ya udongo. Nikasuuza vyumba kwa maji ya mvua, nikajaza maji matupu, na kuziunga kwenye chaja kwa umeme mdogo kabisa. Hiyo ndiyo dawa yake. Ndani ya maji matupu ukungu unakubali kuyeyuka, na kielea kikianza kupanda unajua risasi bado ina uhai. Saa za mchana kikaanza kupanda. Nilitaka kuimba.

Umeme ukakatika.

Katika miaka ile umeme ukikatika hukujua kama ni wa saa moja au wa wiki. Nilikaa juu ya debe nikitazama mlango wa stoo. Ndipo Aluma akaingia kupitia nyuma, kofia mkononi.

"Fundi. Umeme hakuna?"

"Unaona mwenyewe."

"Mzee iko wapi?"

Nilimwonyesha mlango wa stoo na askari aliyeketi mbele yake. Uso wake ukabadilika. Nikashindwa kujizuia. "Aluma, uliweka nini kwenye betri?"

"Dawa. Niliona imekauka, nikaongeza dawa." Dawa ndivyo madereva walivyoiita asidi.

"Kwa nini si maji?"

Alinishangaa kama mtu aliyeulizwa kwa nini havai viatu kichwani. "Maji? Ukitia maji kwa pombe ya waragi, ndugu yangu, waragi napata nguvu?"

Nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka, na kicheko kile kiliniondolea nusu ya hasira. Ni kosa lenye akili ndani yake, na nimelikuta tangu wakati huo Gulu, Kisumu na Bunia. Nilimweleza kwamba kinachokauka kwenye betri ni maji peke yake. Asidi inabaki, na ukiongeza nyingine unaiunguza betri. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ndiyo."

"Na mzee najua?"

"Alijua kabla yako."

Alisimama pale akiigeuzageuza kofia. Kisha akatoka bila kuaga. Niliamini amekimbia, na sikumlaumu. Lakini baada ya muda alirudi na debe la petroli begani, wakati ambapo petroli ya Kampala ilikuwa inapatikana kwa cheti cha mkubwa tu. Sikumwuliza alikoitoa. Tuliwasha injini ya gari bovu lililokuwa uwanjani, tukavuta waya kutoka dainamo yake hadi kwenye betri, na katikati ya waya nikaunga taa ya mbele ya gari ili ipunguze kasi ya umeme. Taa ile ikawaka wekundu hafifu. Aluma alikaa kando ya injini kama mtu anayelinda mtoto mwenye homa, akiongeza petroli na kusikiliza. Umeme wa mjini ulipokuja tukahamia kwenye chaja, ukikatika tukarudi kwenye injini, hadi kielea kikasimama pale nilipotaka. Nikaongeza asidi kidogo, kwa kipimo, nikafunga vifuniko. Kisha nikazitoa kwenye waya na kuziacha zilale, ingawa kila mfupa wangu ulitaka kuzijaribu.

Asubuhi ya gwaride Kapteni alifika na sigara mdomoni. Mlangoni alisimama, akaizima kwenye ukuta, ndipo akaingia. Hajji alitolewa stoo, kanzu ina vumbi la matairi. Hakuniuliza kama nimeogopa wala kama nimekula.

"Zimelala?"

"Zimelala, Hajji."

"Basi funga."

Nilizifunga kwenye lori. Aluma akapanda, akashika ufunguo, midomo inacheza, sijui alikuwa anaomba kwa dini yangu ya Kikristo au kwa Uislamu wa Hajji, maana kwao walikuwa na zote mbili. Akazungusha. Injini ilinguruma mara ya kwanza. Akaizima, kwa amri ya Kapteni, akawasha tena. Na tena.

"Mzee naamka!" Kapteni alipiga bodi ya lori kwa kiganja. "Betri mzee, fundi mzee!" Akaondoka anacheka, na neno hujuma hakulitaja tena, kana kwamba lilikuwa mzaha wa mtu mwingine.

Aluma hakusema ahsante siku ile, wala Hajji hakuonyesha kwamba anangojea. Lakini kila ilipopita mvua kubwa, lori lile lilisimama langoni, na koplo akashusha madumu ya maji ya mvua, safi, yamechujwa kwa kitambaa. Mkewe alikuwa akiyakinga kambini. "Ya betri," alikuwa akisema, basi. Aliendelea hivyo mpaka vita ilipoufikia mji na malori yote ya jeshi yakakimbilia kaskazini, na watu na magodoro juu. Lake liliwaka. Hilo nina hakika nalo, kwa sababu betri zake nilizipima mimi.

Hajji alifariki akiwa kitandani kwake, wanawe wamemzunguka. Wakati ule hilo halikuwa jambo la kila mtu. Mimi sikuweza kukaa mahali. Nilifanya kazi Gulu chini ya Mhandisi wa Wilaya aliyependa kufoka, kisha kwa mwenye mabasi Kisumu, kisha kwa wakata mbao wa Bunia. Arua nilipita mara mbili nikiulizia familia ya Aluma, nikaonyeshwa Aluma wengi, wake kwa waume, lakini yeye hayumo. Sijafika hamsini, ila kifua kimechoka na mvuke wa asidi, na daktari ameniambia niachane nayo. Betri za sasa zimefungwa juu, hazina hata kifuniko cha kuchungulia. Nimepanga chumba mtaa wa Wandegeya, hapa Kampala, na mvua ikinyesha bado natoa beseni nje. Mwenye nyumba ananiona nina wazimu kidogo.

Juzi jirani yangu, mwenye duka la kuchapisha karatasi za wanafunzi, aliniletea betri ya aina ya zamani, ya gari la marehemu baba yake. Ilikuwa nzito, amelowa jasho, na kabla hajaitua chini alikuwa ameshaanza: "Mzee, nikimpata aliyeiharibu hii..."

"Itue kwanza," nilimwambia. "Taratibu. Sasa niletee lile beseni."