Kiporo cha Uvunguni

Jamani, aibu hii mtaani kwetu Mitwero wanaijua wote, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kuliko muisikie kwa jirani yangu Mama Shani, maana yeye akisimulia hutia chumvi mpaka chakula hakiliki.

Nilikuwa sijamaliza hata miezi minne ya ndoa. Mama mkwe wangu, Bi Somoe, anayekaa Kiranjeranje kwenye mikorosho yake, alikuwa hajawahi kufika kwangu, na habari zilizomfikia huko ni kwamba mwanawe Salumu ameoa fundi cherehani asiyejua jiko, kila siku wananunua kwa mama lishe (uongo mtupu, nilikuwa nanunua siku za kazi nyingi tu). Basi alipopiga simu kwamba anakuja kunitazama, nilijua anachokuja kukitazama ni sufuria zangu, na neno atakalorudi nalo ndilo ukoo mzima utakalolishika. Nikapanga wali wa moto, samaki wa nazi na kachumbari. Alisema atafika alasiri. Akafika saa tatu asubuhi, kapata lifti, kanikuta na mswaki mdomoni, Salumu kashakwenda kazini kwake, na ndani hamna kitu ila nusu sufuria ya wali wa jana, fungu la tembele lililoanza kunyong'onyea na karoti moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuwahi?"

Nikamkalisha barazani, nikakimbilia jikoni, nikachota wali nikauponda, nikakatia tembele, karoti, kitunguu na pilipili, nikafinyanga katlesi nikakaanga. Na kusema kweli zilitoka nzuri, nje kavu, ndani laini. Bi Somoe akala moja, akala ya pili, kwenye ya nne akaniuliza, "Wali huu umeupika saa ngapi?"

Hapo ningesema ni kiporo yakaisha. Lakini mkwe, siku ya kwanza, unampa kiporo? Nikajibu mbio, "Asubuhi hii hii, mama, nilikuwa nakusubiri." (Nakusubiri na mswaki!)

"Mashallah," akasema, na mimi nikadhani nimepona, kumbe ndiyo nimejitia kitanzi, kwa sababu mama alisimama akaenda uani akawaita Mama Shani na Bi Hadija wa nyumba ya pili, watu asiowajua hata majina, akawaambia waje jioni wamwone mkwe wake anavyopika katlesi za wali. Wakati anaita, mimi nikabeba sufuria yenye kiporo kilichobaki, nikaifunika kawa nikaisukuma uvunguni mwa kitanda.

Jioni wakaja, na wenzao wawili, wakakaa kwenye mkeka kunizunguka. Nikapika wali mpya mbele yao, ukaiva, nikauponda ungali na moto, nikafinyanga, nikatumbukiza ya kwanza kwenye mafuta. Ikafumuka. Punje zikatawanyika karai zima. Nikasema mafuta hayajapata moto. Ya pili ikafumuka vilevile, nikasema mafuta yamezidi moto. Nikaongeza unga, nikaongeza yai, nikaanza kuusema mchele wa dukani, na Mama Shani akainama juu ya karai akauliza, "Mwenzetu, unakaanga au unapika uji?"

Ikaadhiniwa magharibi. Bi Somoe akauliza aswali wapi, na mimi kichwa chote kiko kwenye karai, nikamwambia, "Pita chumbani, mama."

Alikawia kidogo. Alipotoka, mkononi ana sufuria na kawa yake.

"Nimekwenda sijda rakaa ya kwanza, naona mtu ananitazama uvunguni," akasema. "Nikasema labda macho. Rakaa ya pili, bado yupo. Nikamaliza swala yangu nikamtoa. Ndiye huyu."

Bi Hadija alicheka mpaka akalala kwenye mkeka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, nikajifunika uso na kanga nikalia kabisa, kilio cha sauti, mtu mzima mimi.

Mama hakucheka. Alivuta kibao akaketi mahali pangu, akamimina kiporo kwenye sinia. "Wali wa moto una maji, haushikani. Huu umelala, umetulia." Akalikamua tembele mpaka likatoa tone la mwisho, akanyunyiza unga wa muhogo kidogo, hakutaka yai, na mikono yake ilikwenda upesi, kila katlesi sawa na mwenzake, hata moja haikufumuka. Nilisahau kulia nikabaki kumtazama. Wanawake nao wakasogea kuona.

"Mwaka korosho zilipotukataa," akasema huku anageuza, "Salumu na wenzake sita niliwalea kwa kiporo. Leo nimekikaanga na kisamvu, kesho nimekiponda na boga, keshokutwa nimekitia mchicha. Mpaka leo Salumu hajui kama tulikuwa na shida. Anadhani mama yake alipenda mapishi." Akaniwekea moja mkononi, ya moto. "Sasa wewe unanificha mimi kiporo?"

Nilikula nikimwonea fahari mwanamke yule, na kujionea haya mimi.

Kiranjeranje alikwenda kuwaambia kwamba mke wa Salumu si mtu wa kutupa chakula (na la uvunguni alilisema pia, hakuniachia). Nimeapa sitamdanganya tena kuhusu sufuria. Siku hizi akipiga simu kwamba kesho yuko njiani, napika wali wa watu sita, tunakula wawili, na unaobaki naufunika nauacha pale pale mezani, umsubiri mwenyewe.