Majina yetu mlangoni, majibu ya maji siri

Leo kambi nzima ya Dzaleka, hapa Malawi, inanijua, na sijaimba hata wimbo mumoja.

Juzi jirani yangu alishikwa na kolera. Mi njo nilimubeba mpaka kwenye baiskeli ya kabaza, ile ya kubeba abiria. Mutu wa afya akaniuliza jina na namba ya nyumba. "Usiogope, mama, hii ni siri."

Asubuhi ya leo siri yenyewe, liste ya majina ya nyumba zenye kolera, imebandikwa kwenye mlango wa kliniki. Mi niko wa tatu kutoka juu!

Nikiwa kwenye cherehani, kliya wangu, mteja wa kushonesha, akafika, akasimama mbali kama vile ninauma.

"Mama Neema, usishone tena kitenge changu. Kirushe tu huku."

Nikakirusha. Kitenge cha harusi, batu ba Mungu, kikaanguka kwenye matope.

Nikaenda kliniki na hasira. Nikamwambia nesi: kule Congo, Uvira, tulikimbia batu ba bunduki wenye kutembea na liste ya majina. Na hapa tena?

Akatabasamu. "Mama, raia wana haki ya kujua."

"Zikomo, asante. Basi mi raia nataka kujua: bomba gani iko na kolera? Majibu ya maji yenye mulipima yalisharudi kutoka Lilongwe."

Akafunga daftari. "Hayo ni siri ya kazi."

Papa mumoja wa foleni akainua ndoo yake, akauliza vilevile. Kisha mama mwingine. Kisha bote.

Karatasi ya majina wameibandua mlangoni. Ya maji, hatujaiona mpaka sasa.

Nyinyi leo mumechota wapi?