Kitenge Ambacho Mama Alikataa Kukifunua

Maganda ya kahawa yakichacha yana harufu ambayo wengi hawaipendi. Mimi nikiisikia, hata nikiwa hapa Tunduma kwenye moshi wa malori, narudi nyumbani Itaka, siku baba alipojikata.

Alikuwa akipogoa mibuni nyuma ya nyumba, kando ya lundo la maganda yaliyochacha, panga likateleza na kumwingia pajani. Nilikuwa darasa la tatu, nikikusanya matawi kwa ajili ya kuni. Damu ilitoka kwa kasi ambayo sijawahi kuisahau. Mama alikuja mbio, akamlaza chali, akavua kitenge chake, akakikunja na kukikandamiza kwenye jeraha kwa uzito wake wote. Mimi nikatumwa kwa jirani yetu mwenye pikipiki ya magurudumu matatu, ile ya kubebea mahindi.

Niliporudi, uwanja ulikuwa umejaa. Kwetu mtu akiumia, watu huja kumpa pole, na pole haijakamilika mpaka jeraha lionekane. Kila aliyefika aliinama na kusema, "Poleni jamani. Hebu fungua tuone." Mmoja alishika unga wa kahawa kiganjani, tayari kuunyunyiza. Mama aliwajibu wote neno moja, "Hakifunguliwi." Kitenge kilipolowa, aliomba kingine, akakiweka juu ya kile cha kwanza bila kukiondoa. Niliona aibu. Huyu ndiye mama aliyewakaribisha uji hata wauza mitumba waliomlalia bei.

Kisha akafika bibi, mama yake baba.

"Mkwe wangu, fungua nimwone mwanangu."

"Mama, unisamehe. Sifungui."

"Nimemzaa mimi huyu!"

"Ndiyo, mama. Lakini sifungui."

Bibi alikaa chini, akapakata kichwa cha mwanawe, akalia. Nilimkasirikia mama kweli kweli. Pikipiki ilipofika alipanda na baba, mikono yake ikiwa pale pale, wakarushwarushwa na mashimo mpaka zahanati. Baba alishonwa, akapona, na mpaka leo anapogoa mibuni yake. Bibi ndiye aliyechelewa kupona. Ilipita miezi kabla hajala tena ugali wa mama.

Mwaka juzi mwanangu alijikata mkono kwa kioo cha dirisha. Nilijua la kufanya, maana nesi wa kliniki alitufundisha: bana kwa nguvu, usichungulie, ukifunua unaanza upya. Nikabana kwa taulo. Lakini chini ya lile taulo sikujua kama damu inakoma au mtoto ananiishia mikononi. Vidole vyangu viliniwasha kwa hamu ya kufunua. Majirani wakaja, "Tuone basi," na nikajisikia nikijibu kwa ukali, "Halifunguliwi."

Utotoni niliamini kwamba siku ile mama hakuogopa. Kumbe pale uwanjani hakuna aliyetamani kuona chini ya kitenge kile kuliko yeye, hata bibi.