Kurasa Kumi na Moja Zisizosomwa

Saa sita za mchana, Wazungu wa baraza la hukumu la Goma walipokwenda kula na kujilaza, Sebahire Anastase alibaki. Alifungua madirisha ya upande wa ziwa, akakaa kwenye benchi la washitakiwa, akaweka kitabu cha Kilatini juu ya magoti. Alilichagua benchi lile kwa sababu ndilo lililopata mwanga mzuri. Meza yake ya karani ilikuwa pembeni, penye giza, na kiti cha jaji hakikuwa cha mtu kama yeye hata kikiwa kitupu.

Ndivyo alivyosoma kwa miaka mitatu, tangu 1955 hadi 1958, kwa muda wa saa mbili kila siku ya kazi. Alitaka kuingia chuo kikuu katika masomo marefu ya sheria, yale ambayo mwisho wake mtu huitwa daktari. Hakutaka kingine.

Hapa lazima jambo moja lisemwe bila kuzungushwa. Kijana aliyemaliza shule ya Wazungu aliingia chuo kikuu kwa kuonyesha cheti chake. Sebahire naye alikuwa amesoma miaka sita kwa mapadri, lakini cheti chake hakikutambuliwa na serikali, na mwenye cheti cha namna hiyo alidaiwa kwanza mtihani wa kuingia. Miaka ilikuwa sita huku na sita kule. Mapadri walikuwa wa Ubelgiji huku na kule. Kilichotofautiana ni rangi ya watoto waliokaa kwenye madawati, na sijamsikia bado mtu mwenye haya usoni akitoa sababu nyingine. Tena aliyetimiza miaka thelathini hakupokelewa kabisa. Sebahire angeitimiza mwezi wa pili wa 1959. Kwa miaka mingi watu weusi walikuwa wameambiwa waombe ualimu, kilimo au uganga, na sheria ingoje. Masomo ya sheria yalipofunguliwa kwao hatimaye, kwake ulibaki mtihani mmoja tu, wa mwezi wa nane 1958.

Neno daktari lilimletea wageni. Jioni moja Mama Marcelline, jirani yake wa mtaa wa Birere, muuza vitunguu aliyetoka Butembo, aliingia akiburuta mguu.

« Papa Anastase, nasikia unaenda kuwa dokta. Angalia hii goti. »

« Mama, mimi nitakuwa dokta wa sheria. »

« Na goti? »

« Goti haliko ndani. »

« Basi sheria inaponyesha nini? »

Sebahire alikuwa mtu aliyeona kila swali linastahili jibu. Alifikiri kidogo. « Mutu akikunyanganya kitu chako kwa nguvu, inakirudisha. »

Mama Marcelline alilitazama goti lake, kisha akamtazama yeye. « Kwa ule ugonjwa hautakosa wagonjwa, » akasema, akaondoka akichechemea. Hakurudi, wala wale wengine waliokuwa wamemwamkia kwa heshima mpya juma zima hawakurudi.

Nyumba yake ikawa kimya tena. Waliokunywa pombe ya ndizi nyuma ya soko walisema ameanza kujiona Mzungu. Wazungu wa baraza walimwita kwa jina la ubatizo na kumwambia afunge mlango akitoka. Mukamugema, msichana wa Rutshuru aliyekuwa ameposwa naye, alimngojea miaka miwili. Ndugu zake walichoka kungoja mtu aliyefunga ndoa na kitabu, wakamwoza kwa mwalimu wa shule. Sebahire alialikwa harusini, akaenda, akakaa na wageni.

Mtu pekee aliyemsemesha mchana alikuwa Kakule, mpiga mashine ya kuandika wa baraza, aliyerudi mapema kila mara kwa kuwa mke wake alimfukuza jikoni.

« We, papa wa Kilatini, » angesema akimkuta kwenye benchi lile, « leo wamekuhukumu miaka ngapi? »

« Mitatu, » Sebahire alijibu bila kuinua kichwa.

« Na umekubali kosa? »

« Bado nasamba, » akajibu, kama mshitakiwa anayejitetea.

Sasa niseme juu ya kazi yake, maana humo ndimo yalimotoka yote. Karani wa baraza huandika maneno ya mashahidi, na chini ya kila ukurasa, pembeni kulia, huweka parafe, yaani herufi zake fupi za kuthibitisha. Ya Sebahire ilikuwa S na A zilizoshikwa na kitanzi kimoja. Makarani wengi huiweka kwenye ukurasa wa mwisho tu, wakiharakia nyumbani. Yeye hakuruka hata mmoja. Ujanani alikuwa ameanzia kazi katika baraza dogo la shefa mmoja, mtawala wa wenyeji, na huko aliona ukurasa ukichomolewa kwenye kitabu na mwingine ukiingizwa mahali pake. Mtu aliyeshinda kesi siku ya Jumatatu akawa ameshindwa siku ya Alhamisi, na kilima cha baba yake kikaenda. Tangu hapo Sebahire alikuwa na msemo wake mwenyewe, aliowachosha nao wenzake: « Ukurasa bila parafe ni wa mutu yeyote. »

Mwezi wa nane aliomba ruhusa ya kutoka teritware, yaani wilaya yake, akaipata baada ya kurudishwa mara tatu, akapanda meli kwenda Bukavu. Watahiniwa walikuwa kumi na wanne katika darasa la shule moja. Msimamizi, Mzungu mwenye haraka, alisoma masharti kwa Kifaransa mara moja, akiwa bado anavua koti: jina lisiandikwe, kila mtu atumie namba yake, na alama yoyote ya kumtambulisha mwandishi itafuta kazi nzima. Kisha akawasha kiko na kutazama nje. Hakuna aliyeuliza swali, kwa sababu hakuna aliyepewa nafasi ya kuuliza.

Sebahire aliandika namba 9. Hakuandika jina. Swali kubwa lilihusu sheria iliyoandikwa na desturi ya wenyeji: ipi humlinda zaidi mnyonge? Alikuwa amelingojea swali hilo tangu siku ya ukurasa uliochomolewa. Aliandika kwa saa nne, kurasa kumi na moja, bila kufuta zaidi ya maneno sita. Na chini ya kila ukurasa, kabla ya kuugeuza, mkono wake ulifanya ulichokuwa umefanya kwa miaka saba. Kwake parafe haikuwa jina, wala haikusema « mimi ni fulani ». Ilisema kwamba ukurasa huu umekwisha na hakuna atakayeuongezea neno.

Barua ilifika mwezi wa kumi. Aliisoma amesimama mlangoni pa posta. *Kazi ya mtahiniwa namba 9 imefutwa kabla ya kusahihishwa, kwa kuwa ina alama ya kujitambulisha katika kila ukurasa.*

Aliipeleka kwa jaji wake, mtu asiyekuwa mbaya.

« Anastase, » jaji akasema, « laiti ungeweka moja, ningewaambia mkono uliteleza. Umeweka kumi na moja. »

« Bwana Jaji, wewe ungepokea maandishi yangu yasiyo na parafe? »

« Nisingeyapokea. »

« Basi kosa langu ni lipi? »

Jaji alikunja barua kufuata mikunjo yake ya kwanza, akamrudishia. « Sharti ni sharti, » akasema.

Nami nasema: sharti lililowekwa kuwazuia wenye shangazi na wajomba katika tume ya mtihani wasipendelewe lilimwangusha mtu ambaye katika tume hiyo hakumjua hata mfagiaji. Nani angeitambua S na A ya karani wa Goma? Walimwita mdanganyifu kwa lile tendo ambalo kazini lilimfanya mwaminifu, na hawakuona haja ya kusoma mstari mmoja ili kujua wamemfukuza nani.

Kakule alimngoja kwenye ngazi.

« Wamesema nini juu ya kazi yako? »

« Hawakuisoma. »

Kakule, safari hii bila mzaha, alimpisha akae kwenye ngazi. Akasema, « Andika barua ya kulalamika. Nitakupigia kwa mashine, na kopi mbili. »

Barua ile ilipigwa. Sebahire hakuomba kupita mtihani, aliomba kusomwa tu. Jibu lilikuwa la mistari miwili: maamuzi ya tume hayafunguliwi tena, na kazi za watahiniwa hazirudishwi.

Siku zile watu walimpita njiani wakitazama mawe meusi ya volkano chini ya miguu yao. Sidhani walikuwa na roho mbaya. Mtu akifa Birere, kila mmoja anajua la kufanya. Analeta kuni, anakaa kwenye kilio, anaimba. Kwa mtihani uliofutwa hakuna kilio, kwa hiyo hakuna aliyejua akae wapi. Mchana Sebahire aliendelea kubaki barazani, madirisha yakiwa wazi, bila kitabu.

Sikukuu ya Watakatifu Wote alipanda lori kwenda Rutshuru kwa mama yake, Nyirarukundo, mjane aliyemlea kwa jembe. Alimkuta uani akichambua maharagwe. Alimweleza yote kwa Kinyarwanda, naye alisikiliza bila kuacha ungo.

« Nimeelewa waliyokufanyia, » akasema. « Lakini walikuuliza nini? »

Sebahire alikaa karibu na ungo. Tangu arudi kutoka Bukavu, hakuna mtu aliyemwuliza swali hilo. Akaanza na ukurasa wa kwanza. Alikumbuka kila sentensi, akazigeuza moja moja kutoka Kifaransa, na mama akawa anatikisa kichwa kukubali, mara nyingine akisema « sawa » kwa sauti ya chini. Alipofika ukurasa wa saba alitoa mfano: kwa desturi, mume akifa, shemeji huchukua shamba, na mjane hubaki mikono mitupu, ndiyo maana mnyonge anahitaji sheria iliyoandikwa.

Mikono ya mama ilisimama.

« Hapo umekosea. »

« Wapi? »

« Baba yako alipokufa, shamba lilibaki langu mpaka wewe ukaota ndevu. Shemeji hakutia jembe bila kuitwa. Mama yangu vilevile. Nani alikuambia shemeji anachukua? »

« Imeandikwa katika kitabu cha desturi, barazani. »

« Aliyekiandika alimwuliza nani? »

Sebahire alilijua jibu, kwa kuwa majina ya waliotoa habari yalikuwa kwenye ukurasa wa mbele, naye alikuwa ameyanakili kwa mkono wake.

« Mashemeji, » akasema.

Mama alicheka mpaka akaweka ungo chini. Kisha akaushika tena. « Endelea. Ukurasa wa nane. »

Akaendelea hadi wa kumi na moja. Ule wa saba ulikuwa na kosa kubwa, na katika tume nzima hakukuwa na mtu ambaye angeliona. Maharagwe yalipokwisha, mama alipangusa mikono kwenye nguo yake.

« Ni kazi nzuri, » akasema. « Sasa utawaandikia kwamba pale ulikosea? »

« Hakuna wa kumwandikia, mama. »