Mkaguzi Anayelala Sakafuni

Mkaguzi wa nyumba hizi za bei nafuu tunazoijengea serikali ni mama asiye na mikogo. Huja kwa miguu, kalamu ameichomeka kwenye kilemba, na salamu yake ni ile ile: "Mafundi, leo mnanificha nini?" Ukuta huugonga kwa kifundo cha kidole huku ametega sikio, kama mtu aliyebisha hodi akingoja kuitikiwa. Pakisikika patupu, huchora msalaba kwa chaki, na hapo mkandarasi alie asilie, panabomolewa. Kisha huingia chumba cha kulala, akatandika gazeti, akajinyoosha chali mahali pa kitanda. "Haya, fungueni mlango."

Kwenye jengo la kwanza mlango ulimgonga nyayo. "Mama, hizi ni za bei nafuu, pesa ya serikali imetosha hapo tu," mkandarasi akajitetea. "Mwenye nyumba atanunua kitanda kifupi." Mama hakuinuka. "Na miguu mifupi atainunua wapi?" Tulicheka mpaka mwiko ukanidondoka. Yeye hakucheka. Alibaki pale pale, mikono kifuani, hadi seremala alipoleta bisibisi na kuanza kufungua bawaba. Milango yote sitini ilisogezwa.

Juzi, kwenye jengo la pili, mama akiwa bado hajafika, nilimkuta mkandarasi mwenyewe yuko chali sakafuni, suti imejaa vumbi la saruji, akimwambia seremala, "Fungua polepole, ndugu yangu. Leo nadhani nimeenea."